Santuri inaimba upogo: kutafuta ugonjwa wa mota kabla ya kununua pawasaplai

Kijana mmoja anayejifunza ganuni, ala ya nyuzi ya taarabu, alikuja kibarazani kwangu, Mji Mkongwe, amekumbatia mashine ya santuri iliyofungwa kwenye kanga.

“Shikamoo maalim. Mchana ganuni na santuri zinakaa pamoja kwa sauti. Usiku hazikai. Nimekaza nyuzi mpaka vidole vimeota sugu.”

Ganuni ina nyuzi zaidi ya sabini, na hakuna anayezikaza upya kila usiku kwa kupenda. Mkononi alikuwa na pesa za kununulia pawasaplai mpya ya mota (kifaa cha kuipa mota umeme wake), kwa kuwa ameambiwa ndiyo dawa.

“Usiku umeme mnaotumia ni wa wapi?” nikamuuliza.

“Ukikatika tunavuta kwa jirani. Ana jenereta.”

Nikamwambia pesa zile azirudishe mfukoni kwanza. Nimeona watu wengi wakinunua pawasaplai nzuri, ya bei, kisha mashine ikabaki vile vile, kwa sababu hawakuuliza jambo la mwanzo: mota yangu inafuata volti au inafuata hezi (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde)? Ziko mota ambazo ukizipunguzia volti zinapunguza mwendo. Ziko nyingine hazijali volti hata kidogo, zinasikiliza hezi tu. Dawa ya moja haimponyi mwenzake.

Ijue mota iliyomo

Chomoa plagi ukutani. Funga mkono wa sindano, visha sindano kifuniko chake, toa sahani inayobeba santuri na mkanda wa mpira unaoizungusha, kisha ulaze mashine kifudifudi juu ya mto. Fungua kifuniko cha chini usome kibandiko cha mota.

Kikiandikwa volti za AC, yaani umeme wa mawimbi kama wa ukutani (230, 110, 24 au 16), pamoja na hezi 50 na idadi ya mizunguko kwa dakika, hiyo ni mota ya sinkronasi. Mwendo wake unapatikana kwa kuzidisha hezi mara 120, kisha kugawa kwa idadi ya ncha za sumaku zilizomo. Mota ya ncha 24 kwenye hezi 50 inazunguka mara 250 kwa dakika; ya ncha 16 inazunguka mara 375. Itazame hesabu hiyo vizuri: volti hazimo.

Kikiandikwa DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri, mara nyingi volti 12, pengine na herufi CCW za kuonyesha upande wa kuzunguka, hiyo inafuata volti. Nyingi za aina hii zina kidhibiti mwendo ndani ya kopo lake, na nyuma kuna kitundu kidogo cha kupitishia bisibisi.

Mashine kongwe na nzito zenye gurudumu la mpira badala ya mkanda, mfano Garrard 301 ya miaka ya 1950, zina mota ya induksheni. Hiyo inafuata hezi kwanza, lakini volti zikishuka au mzigo ukizidi nayo inalegea kidogo. Na zile ambazo sahani imekaa juu ya mota yenyewe bila mkanda, kama Technics SL-1200MK2 ya 1979, zinapima mwendo wao kwa kwatzi, kijiwe kile kile kinachoongoza saa. Hizo usizitafutie ugonjwa kwenye hezi za nyumbani. Safisha kitelezi cha kurekebisha mwendo na uzikague kapasita zake kongwe (vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme). Sizitaji tena hapa chini.

Raundi mia

Kabla ya kusema mashine inakimbia au inasinzia, ipime. Watu wanaamini vidoti vya pembeni mwa sahani, vile vinavyosimama vikimulikwa na taa ndogo. Vidoti hivyo vinaitegemea taa, na taa inaitegemea hezi ya umeme ule ule. Kwa hezi 50 taa inapepesa mara 100 kwa sekunde, ndiyo maana mstari wa vidoti wa mwendo wa mizunguko 33⅓ kwa dakika una vidoti 180. Sasa jenereta ikitoa hezi 52, mota ya sinkronasi inakimbia na taa inapepesa haraka zaidi kwa kiasi kile kile. Vidoti vitasimama tuli na mwendo ni mbovu. Kijana wa ganuni alikuwa ameviangalia vidoti hivyo kila usiku na kila usiku vikamhakikishia kwamba kosa ni lake.

Kipimo changu hakina umeme ndani yake. Mwendo wa 33⅓ ni mizunguko 100 kamili kwa dakika tatu. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, weka santuri, shusha sindano (sahani isiyo na mzigo haisemi ukweli), kisha hesabu karatasi inapopita mbele yako huku saa ya mkononi au ya simu ikienda. Anza na sifuri, si moja. Raundi ya mia ikitimia sekunde 180, mwendo ni sahihi. Kila sekunde 1.8 ya tofauti ni asilimia moja. Kwa 45 hesabu raundi 45 kwa dakika, kwa 78 hesabu 78, ingawa hapo jicho linachoka na ni bora mwenzako akusaidie kuhesabu.

Pima mara mbili: mara moja kwa umeme wa kawaida, mara moja katika hali ile inayokusumbua. Andika namba zote mbili, na hapo ndipo uendelee kusoma.

“Mchana sawa, umeme ukikatika inabadilika”

Huyu ndiye kijana wa ganuni. Kwa umeme wa kawaida alipata sekunde 180. Kwa jenereta ya jirani alipata 173. Hiyo ni asilimia 4 mbele, sawa na hezi 52, na kwa masikio ni zaidi ya robo toni. Anayecheza makamu za Kiarabu (mipangilio ya sauti za muziki) anajua robo toni ni kitu gani: ndiyo inayotenganisha makamu na makamu. Masikio yake yalikuwa sahihi.

Sababu yake ni hii. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, Ras Kiromoni hadi Fumba. Wa kwanza ni wa 1980, ule mkubwa ni wa 2013. Pemba inapata wake kutoka Tanga tangu 2010. Kwa hiyo visiwa vyetu vimefungwa pamoja na gridi ya bara, na hezi za Nungwi ni hezi za Mbeya. Mwisho wa laini, saa mbili usiku, kila nyumba ikiwa na feni na pasi, volti zinaweza kushuka mpaka balbu zikawa rangi ya embe bivu, lakini hezi hazishuki pamoja nazo. Ndiyo maana mwenye mota ya sinkronasi anaweza kulalamika juu ya umeme mdogo bila santuri yake kupungua mwendo hata chembe.

Jenereta ni nchi yake peke yake. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, karibu miezi mitatu bila umeme wa bara, wanaijua ile sauti: friji ya jirani ikiwaka, injini inashusha pumzi, kisha inajikaza tena. Sauti hiyo ndiyo hezi unazisikia. Jenereta ndogo za petroli hutegwa ziende juu kidogo zikiwa hazina mzigo, tuseme hezi 52, ili zikibebeshwa zishuke karibu na 50. Usiku wa manane, nyumba zote zimelala na imebaki mashine ya santuri na taa mbili, jenereta haina mzigo, na santuri inakimbia.

Stabilaiza haisaidii hapa. Inanyoosha volti, hezi zinapita kama zilivyo. Kwa mota ya sinkronasi inayotumia jenereta, pawasaplai inayotengeneza hezi zake yenyewe ndiyo dawa, na hapa ndipo pesa inapostahili kutumika. Nitaieleza chini.

Kama mota yako ni ya DC na mwendo unashuka saa za umeme mdogo, hadithi ni nyingine. Pima volti zinazotoka kwenye adapta wakati mashine inazunguka, si ikiwa imesimama. Adapta ya volti 12 ikisoma 10 usiku, umempata mwizi. Kwa mota hii stabilaiza inasaidia, na adapta bora inasaidia zaidi.

“Inakwenda pole siku zote, umeme wowote”

Hapa watu wengi wanaiadhibu pawasaplai isiyo na kosa. Toa mkanda, zungusha sahani kwa kidole, uiache. Ikisimama upesi, au ukisikia inakwaruza, tatizo liko kwenye beringi ya katikati. Chomoa sahani pamoja na ekseli yake, futa mafuta ya zamani kwa kitambaa na spiriti, weka matone mawili matatu ya mafuta ya mashine. Mafuta ya cherehani yanatosha kwa beringi ndogo. Mafuta ya nazi usiyatie kamwe. Nimefungua beringi mbili zilizotiwa mafuta ya nazi na watu wenye nia njema; yalikuwa yamegeuka ulimbo wa njano, na asubuhi za kipupwe yalikuwa yakiganda, kwa sababu mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini kidogo ya nyuzi 25.

Kisha mkanda. Joto letu na hewa ya bahari vinaula mpira. Mkanda uliolegea unateleza, na mkanda wa zamani sana unayeyuka kabisa: unanata vidoleni kama lami na kuacha doa jeusi kwenye puli, kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda. Futa puli na ukingo wa ndani wa sahani kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, ndipo uvishe mkanda mpya. Nusu ya mashine zinazoletwa kwangu zinapona hapo, bila hata kugusa waya.

Beringi safi, mkanda mpya, na raundi mia bado zinachukua sekunde 216? Namba hiyo ukiipata, geuza mashine usome kibandiko tena. Utakuta hezi 60. Hiyo ni mashine iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani, ikawekewa transfoma ya kushusha 230 kuwa 110. Transfoma imefanya kazi yake: volti ni sahihi, mota haiungui. Lakini transfoma haibadilishi hezi. Mota iliyoundwa kwa 60 inapewa 50, na sahani inazunguka mara 27.8 badala ya 33.3. Sauti ya mwanamke inakuwa ya mwanamume, chini kwa zaidi ya toni moja na nusu.

Njia za kuitibu ni mbili. Ya kwanza ni kubadilisha puli: ya hezi 50 ina kipenyo kikubwa mara 1.2 kuliko ya hezi 60. Kama mtengenezaji wa mashine yako aliuza puli za aina zote mbili, hiyo ndiyo njia ya bei ndogo na inadumu. Fundi mzuri wa mashine ya kukereza anaweza kuichonga kwa shaba, lakini ni lazima awe makini: kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye puli ya milimita 20 ni nusu ya asilimia ya mwendo. Njia ya pili ni pawasaplai ya hezi.

“Inavuma, haiondoki mpaka niisukume, siku nyingine inazunguka kinyume”

Dalili hii inatisha lakini tiba yake ni rahisi kuliko zote. Mota ya sinkronasi ina koili mbili, yaani mafungu mawili ya waya uliozungushwa. Ili ijue upande wa kuzunguka, koili ya pili inapaswa kupata umeme uliochelewa robo ya mzunguko nyuma ya ya kwanza, na anayechelewesha ni kapasita moja ndogo. Kapasita hiyo ikichoka, koili zinavutana bila mpangilio: mota inatetemeka, inavuma, inaanza upande wowote.

Kapasita ndiyo ninayoibadilisha kwanza kwenye mashine yoyote iliyopita miaka ishirini, hata kama bado inazunguka. Tumia uwezo ule ule ulioandikwa kwenye ya zamani, na volti zile zile au zaidi. Kwa mota ya volti 230 chagua kapasita ya plastiki iliyoidhinishwa kwa umeme wa ukutani. Ile ya elektroliti ya kawaida yenye alama za jumla na kutoa (+ na −) haifai hapo, itapasuka. Kagua pia risista kubwa iliyo karibu, inayopunguza 230 kwa ajili ya mota ya 110. Hiyo inachemka miaka yote, na kwenye hewa ya chumvi miguu yake inaota kutu ya kijani mpaka inakatika.

Kinachotokea mara nyingi baada ya kapasita mpya: mota inakuwa kimya kiasi kwamba mwenyewe anafika kuuliza kama imewaka.

“Nimeweka adapta mpya, mashine imekufa”

Polepole hapa, kwa sababu hasara yake hairudi. Tundu la adapta ni lile lile, volti zilizoandikwa ni zile zile, lakini moja ni AC na nyingine ni DC. Adapta nyingi zinazouzwa madukani ni za DC, za ruta na taa. Mashine nyingi za mkanda za Ulaya zinataka AC, volti 16 au 24. Ukiipa mota ya AC umeme wa DC haitazunguka. Itashika kwa nguvu mahali ilipo, itavuma kidogo mwanzoni kisha itanyamaza, na ukiigusa inachoma. Ukiiacha usiku kucha koili zinaungua. Nami iliwahi kunifika: niliuziwa adapta iliyobandikwa AC, nikaiamini, na ndani ilikuwa ya DC. Tangu siku hiyo sichomeki adapta yoyote kabla ya kuipima. Weka mita kwenye AC, kisha kwenye DC. Ya AC itasoma volti zake upande wa AC na karibu sifuri upande wa DC.

Ukifanya kinyume, yaani AC kwenye mashine ya DC, kidhibiti mwendo ndicho kitakachokufa. Na kwenye DC angalia pia kama jumla (+) ya plagi iko katikati au pembeni. Ukiigeuza, bora iwe mota imezunguka kinyume tu, maana pengine bodi nzima inaondoka.

“Mota inachemka na kunguruma kwenye inveta”

Tazama kibandiko cha inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani. Za bei nafuu zinatoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini. Taa na chaja za simu hazijali. Mota ya sinkronasi inajali sana: kila kona ya ngazi inaipiga kofi, na nguvu hiyo inageuka joto na mtetemo unaopanda hadi kwenye sindano. Mwendo unaweza kuwa sahihi kabisa kwa raundi mia na bado muziki ukawa na ukungu. Tumia inveta ya wimbi safi, au tengeneza pawasaplai ya chini hapa, inayokula betri ile ile.

Mvumo na kishindo kwenye spika

Mvumo unaozidi mkono ukikaribia katikati ya sahani unatoka kwenye mota au transfoma iliyo karibu mno na kichwa cha sindano. Sogeza transfoma nusu mita, uigeuze pembe, usikilize. Mvumo usiobadilika popote mkono ulipo ni waya wa ethi wa mkono uliokatika. Kishindo cha “pa!” ukizima ni cheche ya swichi, fundi wako afunge kapasita ya nanofaradi 10 na risista ya omu 100 kwa mfululizo, sambamba na swichi, kapasita ikiwa ya aina ile ile ya umeme wa ukutani.

Sasa pawasaplai yenyewe

Kama vipimo vimekuonyesha kwamba mota ni ya sinkronasi na tatizo ni hezi, unahitaji kifaa kinachotengeneza mawimbi mawili laini, moja likiwa robo ya mzunguko nyuma ya jingine, kisha kuyakuza mpaka volti za mota. Vipo vya kununua, vizuri, na bei yake inaweza kuzidi ya mashine. Nitaeleza kile nilichomtengenezea kijana wa ganuni kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa.

Chanzo cha mawimbi ni simu ya zamani. Simu ina kwatzi ndani, kwa hiyo hezi zake haziyumbi. Kwenye kompyuta, kwa programu ya kuhariri sauti kama Audacity, tengeneza faili la stereo: kushoto wimbi laini la hezi 50, kulia wimbi lile lile lililochelewa milisekunde 5. Milisekunde 5 ni robo ya mzunguko wa hezi 50. Lihifadhi kama WAV, si MP3, kwa sababu ubanaji unaweza kuharibu uhusiano wa mawimbi mawili. Lifanye la saa nzima ili lisirudi mwanzo katikati ya wimbo, na uweke simu katika hali ya ndege.

Kutoka tundu la simu mawimbi yanaingia kwenye bodi ya ampl (kikuza mawimbi) ya njia mbili. Nilitumia ile ya chipu TDA7297, ya bei ndogo, inayoendeshwa na betri ya volti 12 ya sola. Mota ya mashine ya santuri inakula wati chache tu, kwa hiyo bodi haitoi hata jasho. Kila njia ya ampl inaingia kwenye transfoma ndogo ya 230 kwa 6 iliyogeuzwa: upande wa volti 6 unapokea, upande wa 230 unatoa. Transfoma mbili, za VA 10 hivi. Kumbuka kwamba matokeo ya ampl hii yote mawili yana umeme. Usiunganishe lolote na hasi ya betri. Kabla ya kufunga transfoma, pima DC kwenye kila njia huku simu iko kimya. Ikizidi milivolti 50 hivi badilisha bodi, maana DC inashibisha chuma cha transfoma na kuichemsha bure.

Kapasita ya zamani ya mota na risista yake ziondolewe kabisa. Kila koili sasa ina transfoma yake. Usiwashe na kuzisahau. Shusha sauti ya simu hadi sifuri, weka mita kwenye koili ya kwanza, panda taratibu mpaka usome volti za kibandiko. Mota ikienda kinyume, badilishana nyaya mbili za koili moja tu.

Sanduku liwe la mbao kavu au plastiki, fyuzi ya ampea 3 kwenye waya wa jumla wa betri. Betri ni ya volti 12, lakini baada ya transfoma kuna volti 230, na zinaua kama za ukutani. Kama hujawahi kufanya kazi na umeme huo, mpe fundi sehemu hii.

Sehemu ninayoipenda ni urekebishaji. Chukua kikombe kidogo cha kahawa, kijaze maji, kiweke juu ya mashine karibu na mota, kisha tazama mwanga wa balbu ndani ya maji. Kwa umeme wa ukutani na kapasita ya kawaida, mwanga ule unatetemeka kama kioo cha gari. Sasa, kwenye faili la sauti, punguza kidogo wimbi la kulia, asilimia mbili mbili, ujaribu tena. Koili mbili hazilingani kamwe sawasawa. Utafika mahali mwanga unatulia karibu kabisa. Hapo acha. Kisha, mota ikishashika mwendo, shusha sauti ya simu mpaka volti zifike kama asilimia 70 za kibandiko, tuseme 160 badala ya 230. Kuondoka kunahitaji nguvu, kuendelea hakuhitaji. Hezi hazijabadilika, kwa hiyo mwendo haubadiliki, lakini mtetemo unapungua tena. Ukiweka brashi ya vumbi juu ya santuri na sahani ikakwama, umeshusha mno.

Faida nyingine nilikuwa siitegemei kijana aione, na aliiona kabla yangu: mwendo wa 78. Santuri za mwanzo za taarabu, zikiwemo za Siti binti Saad na wenzake waliosafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya HMV, zote ni za 78, na mashine za siku hizi nyingi zina 33 na 45 tu. Ukiweka mkanda kwenye ngazi ya 45 ya puli na kuipa mota hezi 86.7, unapata 78. Wimbi la pili hapo lichelewe milisekunde 2.88. Hezi zikipanda mota inahitaji volti zaidi kidogo, basi pandisha sauti. Na kwa kuwa santuri nyingi za enzi hizo hazikurekodiwa kwa 78 kamili, unaweza kutengeneza mafaili matatu manne yenye hezi zinazopishana kidogo na kuchagua lile linalokaa na ala. Sindano iwe ya 78, yenye ncha pana karibu mara tatu ya ile ya kawaida. Ya kawaida inazama chini ya mfereji na kukwangua kelele tu.

Tulipima pamoja usiku umeme ulipokatika, jenereta ya jirani ikinguruma upande wa pili wa ukuta. Raundi mia, sekunde 180. Akaiweka ganuni mapajani, akagusa nyuzi za juu, akasikiliza, akauchukua ufunguo wa kukazia na kuuweka kando.

Sanduku lake nimemwambia alikague kila baada ya miezi mitatu: aguse transfoma zote mbili baada ya saa moja ya kazi, ziwe vuguvugu na zilingane. Moja ikichemka kuliko mwenzake, apime DC upya kwenye ampl. Na asiliweke limeegemea ukuta; kuta zetu za matumbawe zinatoa chumvi masika, na chumvi hiyo inaanza na skrubu kabla haijafika kwenye bodi.